Bali, Sri Lanka au Siargao: twende wapi kuteleza mawimbini?

Mwambao: Wakuu, mimi na rafiki yangu tunafunga safari ya wiki mbili kwenda kuteleza mawimbini kwenye kisiwa cha joto. Vimebaki vitatu: Bali (Indonesia), Sri Lanka na Siargao (Ufilipino). Tiketi tunakata wiki hii. Kipi bora?

Majikupwa: Mkuu, hujataja mwezi wala viwango vyenu. Anayesimama kwenye povu la wimbi lililokwisha vunjika na anayeteleza juu ya mwamba hawatafuti wimbi moja.

BintiBamvua: Na mbao za kutelezea? Mnabeba au mnakodi?

Mwambao: Samahani. Ni Agosti. Mimi nasimama kwenye povu tu, wimbi ambalo halijavunjika linanishinda. Mwenzangu anayadaka mazima na kugeuka kulia na kushoto. Ana ubao wake wa futi 6, mimi sina.

Majikupwa: Basi Siargao iondoe. Cloud 9, wimbi lake maarufu, hunoga Septemba hadi Novemba, na chini yake ni mwamba mkali wenye maji haba. Sri Lanka nako, watakutajia Weligama kwa sababu ni ghuba ya mchanga, lakini hiyo ni ya Novemba hadi Aprili. Agosti kusi inaipiga pwani ile usoni na bahari inachafuka. Nendeni Arugam Bay, pwani ya mashariki, ambako upepo huohuo unatoka nchi kavu na kulainisha wimbi. Wewe unabaki Baby Point, kwenye mawimbi ya wanaoanza, mwenzako anakwenda kwenye rasi kuu, na mnatembea kwa miguu.

Kasa74: Wimbi la rasi kuu ya Arugam linavunjikia kulia tu. Mtu anayegeuka pande zote atachoka. Bali! Aprili hadi Oktoba upepo wa kusini-mashariki unatoka nchi kavu na kulainisha mawimbi ya upande wote wa magharibi. Wewe Kuta kwenye mchanga, yeye Uluwatu kwenye mwamba.

BintiBamvua: Kasa, usimtume mtu Uluwatu bila kumwambia njia ya kutoka. Watu huingia na kutoka kupitia pangoni. Maji yakijaa, hasa bamvua (maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu), mawimbi yanapiga mdomoni mwa pango na mkondo unakupitisha pango. Alenge upande mkondo unakotoka, mbali kabla ya pango. Akilikosa asipigane na mkondo: arudi nje ya mawimbi, azunguke, ajaribu upya. Kung'ang'ania hapo kunamaliza mikono, kisha mwamba unamsubiri.

Na msisome urefu wa wimbi peke yake, someni pia sekunde zinazopita kati ya wimbi na wimbi. Mita 1.5 za sekunde 16 huvunja kwa nguvu kuliko mita 2 za sekunde 8.

Kasa74: Hilo nakubali. Ubao wake auandae pia: mapezi yote yatolewe, pua na mkia vifungwe sponji nene, nta ya kuzuia miguu isiteleze ikwanguliwe kwa sababu joto huiyeyusha ndani ya mfuko. Akifika apake nta ya bahari yenye joto.

BintiBamvua: Ukitoboka je? Hapo ndipo mbao nyingi hufia. Mtu anaona tundu dogo, anachukua resini (gundi inayokauka ikawa ngumu) ya poliesta iliyo karibu, anamimina. Kama ndani ni sponji ya polistireni, kama zilivyo mbao nyingi za epoksi, ile resini inaila. Juu panaonekana pamezibika, chini kumebaki shimo. Anarudi majini, ganda linabonyea, maji yanaingia, na sasa kipande kizima kinapaswa kukatwa. Kosa la pili ni kuziba kukiwa na unyevu: jua linapasha maji yaliyonaswa, kiraka kinainuka. Simamisha ubao tundu likiwa chini, maji yachuruzike, ukauke kabisa kivulini, piga msasa, ndipo uzibe kwa epoksi.

Kasa74: Ubao wenye sponji ya poliuretani ndani hauna shida hiyo, resini zote mbili zinashika.

BintiBamvua: Zinashika mara ya kwanza. Poliesta juu ya kiraka cha zamani cha epoksi hushika vibaya, hubanduka. Epoksi inafaa kote, tena beba yako.

Mwambao: Mwenzangu anavutia Bali, mimi moyo uko Arugam kwa sababu ya kutembea kwa miguu. Ubao wake ataukagua ni wa aina gani. Na mimi nikodi futi ngapi?

Majikupwa: Ubao wa sponji, futi 8 au 9, kamba ya mguu isipungue urefu wa ubao. Una kilo ngapi?