Vitabu vya kweli vya historia, safari na wanyama: nianze na kipi?

Binti_Mwanga: Wakuu habari. Nipo Kigoma, Mwanga. Shemeji yangu anapita kwa wauza vitabu vya mtumba Dar wiki ijayo, nimempa elfu arobaini. Sitaki riwaya. Nataka historia ya huku kwetu, safari, wanyama. Nimechoka kununua jalada zuri, ndani hewa.

Mzee_wa_Kwihara: Tupo Tabora, binti. Mwambie atafute *Maisha* ya Tippu Tip, Kiswahili chake mwenyewe. Alikuwa mfanyabiashara wa pembe na watumwa, wala hakubembelezi umpende: yeye ni frasila (kipimo cha zamani cha uzito), madeni, na nani kapigana na nani. Ukimaliza utaijua njia ya Bagamoyo hadi Ujiji kuliko kwa kitabu cha shule.

Halafu Stanley, *How I Found Livingstone*, cha 1872. Huyo msome ukiwa macho. Agosti 1871 aliungana na Waarabu wa hapa Tabora kumpiga Mirambo, mtemi wa Kinyamwezi, wakachapwa. Basi anapomwita Mirambo jambazi, jua anayesema ni aliyekimbizwa! Miaka mitano baadaye walikutana ana kwa ana, akamsifu, lakini hayo yamo kwenye kitabu kingine. Hata siku aliyomkuta Livingstone, yule mmisionari msafiri, pale Ujiji, Stanley anaandika Novemba 10, daftari la Livingstone linasema mwishoni mwa Oktoba. Na kurasa za siku hiyo katika shajara ya Stanley zimechanwa. Mimi kitabu cha safari nakipima hivyo: mwandishi alikuwa upande wa nani, na nani mwingine alipita palepale akaandika.

Boti_Kibirizi: Wanyama niachieni mie, napeleka wageni Gombe, hifadhi ya sokwe. Chukua Jane Goodall, *In the Shadow of Man*, 1971. Utamwona yule sokwe mwenye ndevu za mvi anachomeka jani la nyasi kwenye kichuguu, analichomoa taratibu limejaa mchwa, anawafyonza kwa midomo. Ila angalia mwaka. Sokwe wa kundi la Kasakela hapo Gombe walianza kuwaua wenzao wa kundi la Kahama 1974, kwa hiyo vita hiyo humo hamna. Ipo kwenye *Through a Window*, 1990.

Binti_Mwanga: Shikamoo mzee. Asante kaka wa boti. Nimemwandikia shemeji: Tippu Tip na huyo Goodall wa kwanza. Akikosa Tippu Tip, alete fotokopi?

Mzee_wa_Kwihara: Marahaba. Fotokopi sawa, ila ahesabu kurasa kabla ya kulipa. Hawa vijana wa steshenari huruka ramani.