Naomba ushauri: mikondo ya bandia kwenye uigaji wa kiputo cha hewa

Ndugu wataalamu, naomba ushauri wenu kuhusu uigaji wa kiputo cha hewa kinachopanda ndani ya maji. Natumia OpenFOAM, programu ya kuiga mwendo wa vimiminika na gesi kwa kompyuta, kwa mbinu ya ujazo wa kimiminika waliyoieleza Hirt na Nichols mwaka 1981, ambamo kila kisanduku cha wavu unaogawanya eneo la uigaji hubeba namba kati ya 0 na 1 inayoonyesha ni sehemu gani yake imejaa maji.

Kabla ya kukiachia kiputo kianze kupanda, nimekipima kikiwa kimetulia, bila graviti. Kwa tufe lenye kipenyo cha milimita 4 na mvutano wa uso wa nyutoni 0.072 kwa mita, shinikizo la ndani linapaswa kuzidi la nje kwa paskali 72 hivi, na kasi iwe sifuri kila mahali. Badala yake naona mikondo midogo ikizunguka mpakani mwa hewa na maji, nayo haipungui hata visanduku vya wavu vikifanywa vidogo zaidi. Nashuku zaidi ukokotoaji wa mpindo wa mpaka huo, ingawa tofauti ya msongamano inayozidi mara 800 nayo haisaidii.

Je, nihamie mbinu ya leveli seti, inayofuatilia mpaka kwa umbali wa kila nukta kutoka kwake, au inatosha kuzilainisha zile namba za 0 hadi 1 kabla ya kukokotoa mpindo? Hatua ya muda nimekwisha kuipunguza, kwa hiyo tafadhali msinirudishe huko. Aidha, kwa aliyewahi kuzilinganisha mbinu hizi mbili, ni ipi inayotunza vizuri zaidi tungamo la hewa kiputo kinapogawanyika?