Rozi za sukari zinapasuka mchana, usiku zinalala: naomba ushauri

Mama_wa_Gato (Bukavu)
Jambo wapendwa. Naomba msaada wa wale wanaotengeneza maua ya sukari kwa mkono. Binti wa shangazi yangu anafunga ndoa baada ya wiki 3, nami nimemwahidi gato la ngazi tatu lenye rozi nyeupe 15. Maua yaliyo tayari hapa sijayaona, na kuagiza ni bei kubwa, kwa hiyo donge lake nalikanda mwenyewe.

Nilisaga sukari ya kawaida kwa blenda, nikaloweka jelatini, nikaiyeyusha juu ya maji ya moto, nikatia limau kidogo, nikakanda. Nilingoja nusu saa, nikaanza. Petali mbili za kwanza zilitoka vizuri. Ya tatu, nilipobonyeza ukingo kwa mgongo wa kijiko ili uwe mwembamba, ilipasuka kama kisigino cha kiangazi. Nikapaka maji, ikawa utelezi mtupu. Hata hivyo nilimaliza rozi 4, nikaziweka kwa frigo zikauke. Usiku mvua ikanyesha, umeme ukakatika. Asubuhi zote zimelala na zinanata, moja imeteremka kwenye waya wake mpaka chini. Nililia. Kosa langu liko wapi?

Yaya_wa_Himbi (Goma)
Pole sana, dada yangu. Mimi naanza na frigo, maana hata mie ilinitesa mwaka mzima. Sukari inavuta maji ya hewani. Ndani ya frigo kuna unyevu, na ukilitoa ua baridi kwenye hewa ya vuguvugu linatoka jasho kama chupa ya soda. Umeme ukikatika ndiyo basi kabisa. Ua la sukari halikauki kwa baridi, linakauka kwa hewa kavu. Sisi wa kando ya Kivu tunasahau kwamba hewa yetu ina maji hata siku isiyo na mvua.

Fundi_Maua (Lubumbashi)
Mama, ulichokanda kinaitwa pastiyaje. Ni kitu kizuri, lakini kazi yake ni nyingine: visahani, visanduku, vibao vya majina. Donge la jelatini linaganda upesi, na petali inataka donge linalokusubiri. Ndiyo maana mbili za kwanza zilikubali na ya tatu ikakataa: mkono wako haukubadilika, donge ndilo lilikuwa limekwisha kukaza.

Kwa maua mimi natumia hivi: ute wa yai moja (gramu 30 hivi), sukari ya unga gramu 200, poda ya CMC (unga wa kukazia donge) vijiko 2 vya chai, na kijiko 1 cha chai cha mafuta meupe magumu. Piga ute kidogo tu, tia sukari polepole mpaka iwe laini na nzito, ukibakiza kiasi cha konzi moja. Ndipo unyunyize CMC huku unakoroga kwa nguvu. Utaona mchanganyiko unakaza palepale. Mimina juu ya ile sukari uliyobakiza, paka mafuta mikononi, kanda. Funga ndani ya sashe mbili zisizopitisha hewa, ulaze saa 24. Usiruke huo usiku mmoja! CMC inahitaji muda kunywa maji yote. Kesho yake kata kipande ukivute: kikikatika ghafla, tak, donge liko tayari. Kikirefuka kama chingamu, ongeza sukari kidogo, ukande tena.

Kuhusu sukari ya blenda: chembe zake hubaki hata kama huzioni, na petali nyembamba hupasukia hapo hapo kwenye chembe. Ichekeche kwa kitambaa chepesi, au nunua ya unga ya dukani, ambayo huwa imetiwa maizena kidogo isigandamane.

Neno la mwisho: hapa kwetu mwezi wa 7 hewa ni kavu mno, petali inakauka bado iko kidoleni, kwa hiyo napunguza CMC na kuongeza mafuta. Mvua za mwezi wa 1 nafanya kinyume. Vipimo vyangu usivishike kama amri, sikiliza hewa ya Bukavu.

Mama_wa_Gato
Aksanti sana, sikujua kabisa kama ni vitu viwili tofauti. Kuna kijana ana poda ya CMC, anasema ni ile ya kutengenezea gundi. Si ni ileile?

Fundi_Maua
Hapana, mama, usiiguse! Jina ni moja lakini ya viwandani haikusafishwa kwa ajili ya chakula. Tafuta iliyoandikwa kwamba ni ya chakula. Ukiikosa, ngoja ya kuagiza, wiki 3 zinatosha. Na kwa kuwa ute ni mbichi, tumia wa unga uliopitishwa kwenye joto kama unapatikana. Kama haupatikani, waambie wenye ndoa watoto wasile maua. Isitoshe, yana waya ndani.

Bibi_Kadutu (Bukavu)
Mwanangu, mie nakausha kwenye trei za mayai, ndani ya katoni, karibu na mbabula ambayo makaa yake yamekwisha kutulia. Karibu, si juu yake. Dirisha liache wazi kidogo, moshi wa makaa unaua watu, na siku hiyo usichemshe maharage chumba hichohicho, maana mvuke wake utarudisha kila kitu nyuma. Kitovu cha rozi kitengeneze siku moja kabla, kikauke kwenye waya. Ukibandika petali kwenye kitovu kibichi, uzito unakivuta chini. Ile rozi yako iliyoteremka, sababu yake nadhani ni hiyo.

Mama_wa_Gato
Narudi baada ya siku 12. CMC ya chakula ilifika. Donge la kwanza lilivutika kama chingamu, nikaongeza sukari, la pili likakatika tak! Jana mvua ilinyesha toka saa tisa mpaka usiku. Leo asubuhi nimefungua katoni na mikono inatetemeka: rozi 14 zimesimama, ukingo wa petali unapitisha mwanga wa dirisha. Moja tu imeinama, na ni ile ambayo kitovu chake sikukilaza. Sasa gato lina krimu ya siagi na ukumbi uko Nguba. Maua niyapange juu ya gato nikiwa nyumbani?

Yaya_wa_Himbi
Usithubutu, dada. Krimu ina maji, na barabara mnaijua. Maua yasafiri ndani ya katoni yake, kila waya umechomekwa kwenye sponji. Ukifika, kata mirija ya soda, ichomeke ndani ya gato, ndipo utie waya ndani ya mrija, waya usiguse keki. Panga saa moja kabla ya wageni kuingia. Na ile iliyoinama ibebe pia: ikivunjika moja njiani, hii itie mahali pake, upande wake mzuri uangalie watu.