Eti "igizeni kwamba mna ukumbi"! Huyu mtu wa taaluma kanimaliza mstarini leo

MwalimuWaJukwaa (mleta uzi)

Wakuu, salamu baadaye, nina hasira.

Yule mtu wa taaluma, mwalimu anayesimamia masomo na ratiba, mnamjua. Kila shule inaye, ila wetu ndiye baba lao. Suruali inaishia kwapani, funguo kiunoni utadhani mlinzi wa Benki Kuu.

Leo mstarini nimeomba kistaarabu kabisa nipewe ukumbi kwa vipindi viwili tu, vijana wangu wa Sanaa za Maonyesho wa kidato cha tatu wafanye mazoezi ya vitendo. Akanyamaza. Akageukia wanafunzi, akatabasamu, akasema: "Nyie si waigizaji? Igizeni kwamba mna ukumbi."

Shule nzima ikalipuka. Mpishi kaacha uji unafurika anajishika mbavu. Hata mbuzi wa jirani nina hakika alicheka.

Igizeni kwamba mna ukumbi! Na ukumbi wenyewe una nini zaidi ya magunia ya mahindi na madawati mabovu?

Sanaa za Maonyesho ni somo jamani. Lina muhtasari, lina mtihani wa Taifa. Vijana wanasoma ngoma, majigambo, utambaji hadithi, vichekesho, maleba (mavazi ya jukwaani), mpaka namna ya kupanga jukwaa. Kwake yeye hao ni "wale wa maigizo". Tahasusi mpya, yaani michanganyo ya masomo ya kidato cha tano na sita, zilitangazwa 2024 zikafika 65, za sanaa zimo, lakini kichwani mwake kuna PCM na PCB za sayansi. HGL, ile ya Historia, Jiografia na lugha, anaivumilia tu.

Sasa subirini mahafali. "Mwalimu wangu, tuandalie kaigizo ka kumchangamsha mgeni rasmi, na ngonjera kidogo." Siku hiyo ukumbi unapatikana! Magunia yanahamia wapi sijui. Mwaka jana mgeni rasmi kacheka mpaka akaahidi mabati. Mabati yakaezeka maabara. MAABARA! Mimi mazoezi nafanyia chini ya mwembe, binti kafika pale pa kumlilia mumewe kwenye igizo, wanaokwenda chooni wanakatiza katikati ya msiba.

Na alitabasamu kabla ya kusema. Alikuwa ameiandaa! Chakula cha mchana hakijashuka. Naombeni tusi lenye heshima la kumjibu kesho.

Chaki Vumbi
Nimecheka mpaka mke kaja kuuliza. Mkuu, huyo jamaa ana kipaji, mpe nafasi kwenye igizo.

Mzee wa Busati
Pole, ila nikuulize kweli. Nimlipie mtoto sare, daftari na nauli akajifunze kulia? Nyumbani analia bure.

MwalimuWaJukwaa
@Mzee wa Busati na zile tamthilia unazokodolea macho kila jioni, anayelia humo ni fundi bomba? Chuo cha sanaa Bagamoyo kipo tangu 1981, wewe bado uko kwenye kulia. Hoja ni kwamba kasema IGIZENI KWAMBA MNA UKUMBI mbele ya kidato cha kwanza! Hivi sasa wananiita Mwalimu Ukumbi.

Chaki Vumbi
Shikamoo Mwalimu Ukumbi.

Jembe la Mkono
Wewe unadekezwa. Mimi nafundisha Kilimo. Kila mchelewaji, kila mtoro, adhabu yake ni kulima shamba langu la mafunzo. Watoto wanajua somo langu ni jela.

Mama Kipenga
Afadhali nyie mnakumbukwa hata kwa adhabu. Vipindi vyangu vya Michezo vyote vimeliwa na Hisabati. Mpira ni mmoja, na umepasuka.

Wa Kitale
Huku Kenya mwalimu mkuu anatoa basi, ananunua maleba, mkienda tamasha la drama la kitaifa mkirudi na kombe, anayepigwa picha ni yeye. Lakini kama somo la darasani? Mitihani ya KCSE, ile ya kumaliza sekondari, haikuwa nalo. Limekuja na hii Gredi ya 10 ya mtaala mpya iliyoanza 2026, na shuleni kwetu mwalimu wa kulifundisha bado tunamngoja.

Mama Kipenga
Mna BASI? Sisi kwenye UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, tulisafirishwa kwa fuso lililotoka kushusha mkaa. Timu ya netiboli ilifika uwanjani haitambuliki.

MwalimuWaJukwaa
Wakuu, turudi kwenye mada. Tusi langu liko wapi? Alisema igizeni kwamba…

Bundi Mstaafu
Gombaneni na mtu wa taaluma. Mimi kupandishwa madaraja kulichelewa mpaka nikastaafu, halafu nikakutana na kikokotoo, ile hesabu ya sehemu ya mafao unayopewa kwa mkupuo.

Jembe la Mkono
Mzee, si kilipanda kutoka asilimia 33 hadi 40?

Bundi Mstaafu
40 ni kwa waliokuwa kwenye 50 zamani. Waliokuwa 25 wamewekewa 35. Soma vizuri kijana.

Mzee wa Busati
Kwa hiyo mwalimu aliyestaafu 2023 yuko wapi hapo? Anayejua aje, shemeji yangu anasumbuliwa.