Saikolojia ya jumla kwa wanafunzi wa udaktari mwaka wa kwanza, mnaifundishaje hadi ikawaingia?

mwl_saiko
Wakuu habari zenu. Semista hii nimepewa wanafunzi wa udaktari mwaka wa kwanza niwafundishe saikolojia ya jumla, naomba mawazo ya waliopita njia hii. Silabasi ni ile ya kawaida, historia na mikondo, utambuzi, kujifunza, kumbukumbu, hisia, motisha, haiba, mwisho saikolojia ya jamii. Shida ni kwamba wanakuja wametoka maabara ya anatomia wamechoka na wiki inayofuata wana tesiti ya biokemia, sasa ukisimama mbele na Wundt, mwanzilishi wa saikolojia ya majaribio, na maabara yake ya Leipzig ya 1879 unaona kabisa noti za biokemia zinafunguliwa chini ya meza. Siwalaumu, hawaoni hii itamsaidiaje mgonjwa. Ila mimi naamini daktari asiyejua akili ya mtu inavyofanya kazi atakwama kwa wagonjwa wengi sana, hata dozi aijue vipi. Nianzie wapi, nipunguze nini, na je nikiigeuza yote iwe ya kitabibu sitakuwa nimeiua kozi yenyewe?

dokta_wa_wodini
Mwalimu shikamoo, mimi hao hao nawapokea wodini wakishafika miaka ya juu kwahiyo hili linanigusa. Ushauri wangu geuza mpangilio, mgonjwa atangulie nadharia ifuate. Chukua Pavlov, yule aliyeonyesha mbwa anavyojifunza kutokwa mate kwa ishara tu kabla chakula hakijafika. Kwanza waambie alikuwa mtu wa fiziolojia, Nobeli yake ya 1904 aliipata kwa kazi ya mmeng'enyo wa chakula, hapo tu watakaa vizuri maana ni mtu wa kwao. Halafu usiishie kwa mbwa na mate. Waambie kuna mgonjwa wa saratani anapata kemo, mizunguko ya mwanzo alikuwa anatapika baada ya dawa kuingia, sasa hivi anatapika akiwa koridoni, dripu haijafungwa, kasikia tu harufu ya spiriti na kamuona nesi wa kile chumba. Waulize dawa iko wapi hapo? Waache wabishane. Wakimaliza uliza swali la pili, ungefanya nini tangu mzunguko wa kwanza ili mwili wake usijifunze hivyo? Hapo ndo wanaona kwamba kuzuia kichefuchefu vizuri toka siku ya kwanza si kumpunguzia mateso ya siku hiyo tu, unazuia pia kile chumba kisije kikageuka kuwa chanzo cha kutapika. Na ile presha inayopanda mbele ya koti jeupe la daktari na nyumbani iko sawa, nayo inaingia kwenye somo hilo hilo. Asiyeijua ataongeza dawa kwa mtu ambaye hahitaji dawa.

kijivu
Nakubaliana na dokta kwa sehemu kubwa ila niweke tahadhari. Mifano yote ikiwa ya wagonjwa watatoka wakiamini saikolojia ni habari ya watu wengine, wale waliolala kitandani. Saikolojia ya jumla inamhusu binadamu yeyote, na daktari ni binadamu anayekosea kwa njia zinazojulikana. Mimi kwenye umakini naanza na ule utafiti wa 2013 wa Trafton Drew na wenzake, walichukua wataalamu 24 wa radiolojia wakawapa picha za CT za mapafu watafute vinundu, yaani vivimbe vidogo, kwenye picha za mwisho wakabandika picha ya sokwe mkubwa kuliko kinundu cha kawaida mara 48. 20 kati ya 24 hawakumuona, na kifaa cha kufuatilia macho yanapotazama kikaonyesha wengi wao walimtazama palepale alipo. Hawakuwa wazembe hao, ni wazoefu, akili ilikuwa inatafuta kinundu basi. Naonyesha hii kabla sijataja neno lolote la kitaalamu na darasa linakuwa kimya.

Kutoka hapo ingia kwenye makosa ya kufikiri. Mfano ninaoupenda, binti analetwa usiku anahema haraka, moyo unaenda mbio, faili lake lina maandishi ya zamani kwamba ana wasiwasi uliopitiliza. Kila anayepokea zamu anasoma neno hilo na kila anachokiona kinalithibitisha. Kumbe ana damu iliyoganda kwenye mapafu. Nani alikosea na kwa hatua ipi? Hilo swali moja linakula kipindi kizima na sijutii.

Kuhusu kupunguza, historia ya mikondo mimi nisingeifuta, ningeitawanya, kila mkondo uingie pale unapojibu swali. Na mfano wa daktari Engel wa 1977, ule wa kuutazama ugonjwa kwa mwili, akili na jamii kwa pamoja, uweke mapema wautumie semista nzima.

mwaka_wa_tatu
Naongea kama mwanafunzi, hiyo kozi nimeipita. Kilichobaki kichwani ni kipindi cha kumbukumbu basi. Mwalimu alimsimamisha mwenzetu mmoja akamfanya mgonjwa, akamsomea maelekezo ya kwenda nyumbani, dawa tatu, hii kabla ya kula ile baada, hii ukimaliza usirudie, ukiona miguu inavimba rudi, kisha akaendelea na somo kama hakuna kitu, baadae akamwambia haya tueleze unakunywaje dawa. Jamaa ana akili sana darasani ila alichanganya mbili na ile ya miguu kuvimba hakuitaja kabisa. Ndo akatuambia tafiti zinaonyesha kati ya 40% na 80% ya anachoambiwa mgonjwa kinapotea hapo hapo, na karibu nusu ya kinachobaki kinakumbukwa vibaya. Toka siku hiyo kila mgonjwa namwomba anieleze mwenyewe kwa maneno yake kabla hajanyanyuka.

Lakini mwalimu mtihani ulivyokuja ukasema taja na fafanua nadharia tano za motisha, tukakariri tukaandika tukasahau. Mkibadilisha ufundishaji mkauacha mtihani ulivyo sisi tutafuata mtihani.

mwl_saiko
Asanteni sana, hii ya mwaka wa tatu imenigusa. Sasa nina darasa kubwa na natakiwa kusahihisha mwenyewe, maswali ya kisa yatanimaliza. Mnafanyaje?

kijivu
Kisa kimoja kifupi, maswali ya kuchagua matano chini yake. Mfano H.M., mgonjwa maarufu kwenye tafiti za kumbukumbu, alifanyiwa upasuaji wa ubongo 1953 kutibu kifafa, akaondolewa sehemu kubwa ya hipokampasi, sehemu ya ubongo inayojenga kumbukumbu mpya, pande zote mbili, baada ya hapo hakuweza kukumbuka mtu aliyekutana naye muda mfupi uliopita, lakini kuchora nyota kwa kuangalia kioo alizidi kuwa hodari siku hadi siku huku akisema hajawahi kuifanya kazi hiyo. Swali usiulize aina za kumbukumbu ni zipi. Uliza mgonjwa wa namna hii ungemfundisha kutumia kifaa kipya kwa njia ipi kati ya hizi nne. Aliyekariri orodha peke yake hapati.

dokta_wa_wodini
Na uwape vitesiti vidogo kila wiki mwalimu, visivyo na maksi nyingi. Watafiti wa saikolojia Roediger na Karpicke walionyesha 2006 kwamba kujipima kunashikisha kitu kwa muda mrefu kuliko kusoma tena na tena. Waeleze sababu, maana hiyo hiyo wataitumia kwenye biokemia.