Vijana na vikao vya bajeti ya kaunti: tunashiriki au tunahesabiwa tu?

Binti Mlipakodi
Juni 2024 nilikuwa barabarani Nairobi nikiandamana, kama wengi wenu. Tulikuwa tumeusoma Mswada wa Fedha, ule wa kodi mpya, kifungu kwa kifungu, tukawaeleza mama zetu kwa lugha wanazozungumza nyumbani. Tarehe 25 wabunge wakaupitisha kwa kura 195 dhidi ya 106. Kesho yake Rais akasema hatautia saini. Kuna wenzetu hawakurudi nyumbani tarehe ile 25 na mimi silisahau hilo.

Tangu hapo kila mtu mzima ninayekutana naye ananiambia: barabara imetosha, sasa ingieni vikaoni. Haya, nikaingia. Wiki jana kaunti yetu iliita umma kutoa maoni juu ya makadirio ya bajeti. Tangazo lilitufikia jioni, kikao ni kesho asubuhi. Kitabu cha makadirio kilikuwa kimoja tu, kimelala mezani mbele ya afisa. Akatusomea kurasa chache kwa Kiingereza, akauliza kama kuna swali. Watu watatu wakazungumzia kalvati. Nilipoinua mkono kuuliza kwa nini zahanati yetu inatengewa pesa mwaka wa tatu mfululizo na hata msingi haujachimbwa, nikaambiwa muda umekwisha. Tukasaini orodha, tukapewa mia tano ya nauli, tukatawanyika. Kikao kizima hakikuchukua hata saa moja.

Swali langu ni hili: kijana anayetaka kuzuia wizi wa pesa za umma ana sababu gani ya kurudi kwenye kikao kama kile? Au turudi tulikotoka?

Mkono Safi
Umesimulia vizuri mpaka pale uliposema "tukapewa mia tano". Ulichukua?

Binti Mlipakodi
Nilichukua. Matatu kwenda na kurudi ni shilingi 240. Nilifunga duka siku nzima. Sioni shida iko wapi.

Mkono Safi
Shida iko kwenye zile 260 zilizobaki. Dada, unapinga ufisadi na umeanza kwa kupokea bahasha. Sheria ya Hongo ya 2016 haimwachi mpokeaji, anayetoa na anayepokea wote wana makosa. Mwizi wa bilioni alianza na mia tano.

Boda Msomi
Mkono Safi, wewe una mshahara. Imeandikwa katikati ya mistari yako. Mimi nikilaza pikipiki asubuhi nzima nimepoteza zaidi ya hiyo mia tano, na jioni mwenye pikipiki anataka hesabu yake hata kama nilikuwa naijenga nchi. Wanaoweza kukaa kikaoni bila nauli ni wenye mishahara na wenye tenda. Ukiondoa nauli, hao ndio watakaobaki kutuamulia.

Mkono Safi
Sina mshahara tangu mwaka jana, kwa taarifa yako. Nilikataa kupitisha ankara ya kazi ambayo haikufanyika, mkataba wangu haukuongezwa. Kwa hiyo usiniambie habari ya shibe. Ninajua bei ya kukataa na ndiyo maana neno "tukapewa" limenichoma.

Boda Msomi
Pole kwa hilo. Kwa dhati. Bado nauli si ankara ya uongo.

Mzee wa Kamukunji
Nimesoma nikasikitika. Tarehe 7 Julai 1990 tulipoelekea uwanja wa Kamukunji kudai vyama vingi hakuna aliyetupa nauli. Tulikwenda kwa miguu, mkutano ulikuwa umepigwa marufuku, na tulichopewa ni rungu. Desemba 1991 kifungu cha 2A cha Katiba, kilichoruhusu chama kimoja tu, kikafutwa na vyama vingi vikarudi. Nyinyi mnabishana juu ya mia mbili na sitini. Vijana wa sasa mnadhani Kenya ilianza Juni 2024.

Boda Msomi
Mzee wangu, heshima yako naitunza. Lakini miaka hiyo hiyo ikaja kashfa ya Goldenberg, halafu ya Anglo Leasing, mabilioni ya umma yakaibwa. Waliotia saini zile karatasi walikuwa rika la nani? Mlifungua mlango, sikatai, kisha waliopita kwanza wakabeba samani zote. Sisi tumezaliwa kwenye nyumba tupu na mnatuuliza kwa nini tunapiga kelele.

Mzee wa Kamukunji
Usinitie kapu moja na wezi wa Goldenberg, kijana. Mimi sikuwahi kupewa tenda ya hata penseli. Nilikaa rumande wiki mbili, mke wangu akiwa na mimba ya kwanza, na nilipotoka kazi yangu alikuwa amepewa mtu mwingine. Huyo mtoto leo ana umri wa kukuzaa. Mnaposema "wazee wametuuza" mseme ni wazee gani.

Binti Mlipakodi
Mzee, mimi sikusema hivyo, na aliyesema hakukulenga wewe. Ila naomba pia usinipime kwa mia tano. Nilikuwa barabarani nikikimbia risasi na hakuna aliyenilipa. Naomba turudi kwenye swali.

Karani Mstaafu
Nimefanya kazi ya bajeti serikalini zaidi ya miaka ishirini, ya mwisho kumi kwenye kaunti. Binti, kikao ulichokwenda kilikuwa cha mwisho wa safari. Mmechelewa.

Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 ina kalenda yake. Kufikia Septemba 1 kaunti inapeleka bungeni kwake mpango wa maendeleo wa mwaka, na humo ndimo miradi inapotajwa kwa jina. Kufikia Februari 28 unakuja waraka wa mkakati wa fedha, ambao unaamua kila idara itapata kiasi gani. Makadirio yenyewe yanawasilishwa kufikia Aprili 30 na kupitishwa kabla ya Juni 30. Umati unaitwa Mei. Mwezi Mei mnagombania kalvati kwa sababu mkate umeshakatwa tangu Februari. Niliona hivyo mwaka baada ya mwaka: Agosti na Februari ukumbini tuko maafisa, wanakandarasi wawili watatu na kasisi. Mwanakandarasi hakosi, maana yeye anajua tarehe.

Kijana anayetaka kuzuia wizi aje Agosti, aulize zahanati iko ukurasa gani, kiwanja kina hati ya nani, na mwaka jana pesa zake zilihamishiwa wapi. Mradi unaotengewa pesa kila mwaka bila kujengwa mara nyingi ni pahali pa kuegesha pesa. Bajeti ya nyongeza ikija, zinahamishwa kimya kimya na hakuna anayeitwa kikaoni.

Boda Msomi
"Mmechelewa." Hata tukiwahi tunaambiwa tumechelewa. Karani, hiyo sheria uliyoitaja, kifungu cha 137 kinaunda jukwaa la bajeti na uchumi la kaunti, gavana akiwa mwenyekiti. Kinataja wataalamu, wafanyabiashara, wafanyakazi, wanawake, watu wenye ulemavu, wazee na makundi ya dini. Soma tena pole pole. Wazee wamo. Vijana hawamo.

Mzee wa Kamukunji
Sikuiandika mimi.

Boda Msomi
Najua, mzee wangu. Nakuonyesha tu kwa nini tulianzia barabarani.

Karani Mstaafu
Ni kweli hawakutajwa, na ni aibu, kwa sababu Katiba yenyewe, kifungu cha 55, inaitaka serikali ihakikishe vijana wanawakilishwa na wanashiriki. Lakini kijana anaweza kuingia kupitia chama cha wafanyabiashara wadogo au kundi la wanawake. Nimewaona wawili walioingia hivyo, wakasumbua vizuri sana.

Msaidizi wa Mheshimiwa
Nafanya kazi ofisi ya mwakilishi wadi, sitasema wadi gani. Mnaongea kana kwamba sisi ni maadui. Nauli imo kwenye bajeti ya kikao, ina vocha, inasainiwa, inakaguliwa. Tulijaribu kikao bila nauli: wakaja watu kumi na wanne, sita kati yao wafanyakazi wetu. Halafu tukashtakiwa kwamba tumewaficha wananchi. Mkija mnasema tumewanunua, msipokuja mnasema tumewafungia nje. Mheshimiwa afanye nini?

Mkono Safi
Atoe kitabu siku kumi na nne kabla. Akiweke kwa chifu, sokoni na kwenye simu zetu, kwa Kiswahili. Mtu akijua ukurasa wa zahanati yake atakuja kwa miguu.

Msaidizi wa Mheshimiwa
Kitabu hutolewa na idara ya fedha, si sisi. Nasi hukipata siku hiyo hiyo.

Binti Mlipakodi
Kwa hiyo hata mwakilishi wetu anapitisha kitu ambacho hajakisoma?

Msaidizi wa Mheshimiwa
Sikusema hivyo. Usinilishe maneno.

Wakili wa Mtaani
Mmeng'ang'ania pesa mkaacha karatasi. Zile saini ndizo kaunti inapeleka mahakamani ikishtakiwa, kuonyesha kwamba umma ulishirikishwa. Mwaka 2019, kwenye kesi ya kampuni ya sigara dhidi ya Wizara ya Afya, Mahakama ya Juu ilisema ushiriki wa umma lazima uwe wa kweli, usiwe wa kujipamba wala wa kutimiza wajibu tu. Tangazo la jioni na kitabu kimoja cha Kiingereza ni ushahidi wako, Binti. Lakini ulisaini bila kuandika neno. Siku nyingine andika pembeni ya jina lako: "sikupewa waraka, swali langu halikupokelewa". Kisha piga picha.

Mkono Safi
Hilo ndilo nililokuwa nikisema tangu mwanzo: ile saini iliuzwa.

Boda Msomi
Hukusema hilo. Ulisema bahasha. Hakukuwa na bahasha hata moja.

Mkono Safi
Bahasha au mkononi, ni lile lile.

Wakili wa Mtaani
Na mnayo silaha nyingine hamjaigusa. Kifungu cha 35 cha Katiba na sheria ya kupata habari ya 2016. Unaandika barua, unaomba orodha ya mahudhurio, vocha ya nauli, na rekodi zote za ile zahanati kwa miaka mitatu. Si lazima ueleze sababu. Ombi lenyewe halilipiwi, labda gharama ya nakala tu. Wana siku 21 za kujibu. Wakinyamaza, unakwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma. Na barua unaweza kuiandika kwa Kiswahili, sheria inasema Kiingereza au Kiswahili.

Binti Mlipakodi
Hilo la Kiswahili sikulijua. Mamangu pia anaweza kuiandika basi.

Mzee wa Kamukunji
Hata mimi. Wadi yetu kuna soko lililofunguliwa kwa utepe, na mpaka leo halina choo. Nipeni mfano wa barua. Macho yangu si mazuri, mwandike kwa herufi kubwa.

Boda Msomi
Mzee, niambie uko wapi, nitakuletea iliyochapwa. Nauli juu yangu.

Mkono Safi
Binti, hujajibu kama utairudisha ile 260.

Binti Mlipakodi
Nimeandika barua usiku huu. Nimeomba orodha niliyoisaini na kiasi kilichoandikwa mbele ya jina langu. Kama ni mia tano, tutaendelea kubishana mimi na wewe. Kama imeandikwa elfu mbili, utanisaidia kubeba hiyo karatasi mpaka kwa wakaguzi?

Mkono Safi
Nitabeba.

Karani Mstaafu
Muiandikie kwa katibu wa kaunti, na nakala yenu igongwe muhuri wa tarehe pale mapokezi. Bila muhuri watasema haikufika. Nimewahi kuambiwa niseme hivyo.