Naomba ushauri: opampu (kijikuza sauti) ya miguu sita imekufa kwenye miksa ya zamani, nipo Chake Chake

mtoto_wa_ganuni: Asalaam aleykum wakuu. Miksa ya zamani ya Kimarekani, chaneli ya tatu iliunguruma wiki nzima, sasa kimya. Kila chaneli ina kijisanduku cheusi cha miguu sita kilichoandikwa 2520. Si chipu, ni transista mojamoja zilizozikwa kwenye gundi ngumu. Nataka nichore saketi yake niunde mwenyewe. Gundi inatolewaje bila kuvunja vya ndani? Usingizi sipati.

fundi_darajani: Wa aleykum salaam. Umepima? Miguu miwili ya umeme, chanya na hasi, mmoja ethi, miwili ya kuingiza, mmoja wa kutoa. Bila kuingiza sauti, mguu wa kutoa usome karibu na sifuri. Ukiganda karibu na volti za umeme, kimekufa. Umeme wenyewe ukiwa sawa, chomeka pale kizima cha chaneli nyengine, ujue kama tatizo linahama.

bi_mkubwa_wete: Marehemu baba alikuwa na redio ya taa. Akiifunika kanga kila usiku, kwa hewa ya chumvi. Vijana hamfuniki vitu.

jongoo76: Uza chuma hicho, nunua mpya yenye bluutuuthi.

fundi_darajani: Mwenye uzi, hujajibu. Kilichokufa kiko wapi?

mtoto_wa_ganuni: Nshakifungua. Blowa na kisu. Gundi ilitoka na transista zake, hata rangi za rezista sikuziwahi. Ndiyo maana nataka kufungua kizima, kwa utulivu safari hii. Na miksa si yangu, ni ya kikundi chetu cha taarab, harusi Ijumaa. Lakini nikinunua tu bila kujua kilichomo, kikifa chengine nitakuwa palepale.

bi_mkubwa_wete: Mali ya watu hiyo, mwanangu! Wanajua?

mtoto_wa_ganuni: Kiongozi anajua inatengenezwa.

msema_kweli_mkoani: Subirini. 2520 aliibuni mhandisi Saul Walker mwishoni mwa miaka ya 1960, ikaingia kwenye miksa za studio. Pemba imefikaje? Picha hakuna, kifaa kimevunjika. Tunapigwa hadithi.

mtoto_wa_ganuni: Ilikuja na shehena ya mitumba kutoka Dubai. Kabla sijakivunja, mguu wa kutoa ulisoma volti hasi 14.6, umeme chanya na hasi 16.

msema_kweli_mkoani: Namba hata mimi naandika.

jongoo76: Redio ya bibi je, nayo hadithi?

fundi_darajani: Namba zake zimekaa sawa: upande mmoja wa ndani umeshikana. Kijana, mhandisi Deane Jensen alichapisha saketi ya 990, opampu nyengine ya transista mojamoja, mwaka 1980, hadharani, na inaundwa kwa miguu sita hiyohiyo. Jifunze kwa hiyo. Jozi ya transista za mwanzo uzipime zilingane, uzigusanishe zipate joto moja. Kizima usikiguse.

mtoto_wa_ganuni: Kizima nshakipasha blowa dakika moja.

fundi_darajani: Kirudishe, pima sasa hivi.

mtoto_wa_ganuni: Milivolti 9. Sauti inatoka.